Somo la Bwawa: Kopo la Kukunjia Uzi wa Mshale wa Samaki

Mkulima mwenye bwawa la udongo anaijua taabu ya kambare aliyebaki. Siku ya kuvua, wavu hupita mara mbili au tatu, tilapia hutolewa, na kila mtu aliyesimama ukingoni husema bwawa limekwisha. Kumbe kambare mmoja mzee amejizika matopeni na wavu umepita juu ya mgongo wake. Baada ya juma moja vifaranga vipya vinatiwa majini. Jioni kambare huyo hupanda juu kuvuta hewa, kisha hushuka kula vifaranga ambavyo mwenye bwawa amevinunua kwa fedha zake.

Dawa iliyo bora ni kutoa maji yote na kuliacha bwawa likauke mpaka udongo wake upasuke. Lakini katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari, ni nani huku Ruiru, Juja au Thika mwenye maji ya kumwaga? Ndoana husaidia, ila kambare aliyeshiba vifaranga haijali ndoana. Ndiyo sababu wakulima wengine wameuliza juu ya uta: je, mtu aweza kumpiga kambare kwa mshale wenye uzi, akamvuta nje, wala asiguse maji yake?

Jibu ni kwamba aweza. Uta wenyewe si shida, maana ukivuka Thika kuelekea Kilimambogo umekaribia Ukambani, na Wakamba wamejulikana kwa uta tangu zamani. Wala kufunga uzi kwenye chuma cha kuchomea samaki si jambo geni. Waelmolo wa Ziwa Turkana huvua kwa chusa, ambalo ncha yake imefungwa kamba, na ncha za mifupa zenye miba zimechimbuliwa kando ya ziwa lile, nazo zina umri wa maelfu ya miaka. Shida iko mahali pamoja tu, napo ni pale uzi unapokaa kabla mshale haujaondoka. Uzi ukitoka vizuri, mshale huenda zake. Uzi ukinasa, mshale husimama hewani na kurudi kwa yule aliyeupiga. Kwa hiyo somo letu la leo ni juu ya kopo la kukunjia uzi, na ingawa kopo ni kitu cha jikoni, tutalieleza kwa urefu.

KWANZA TAZAMA BWAWA LAKO

Kabla hujashika msumeno, nenda ukatazame sakafu ya bwawa. Katika udongo mwekundu wa upande wa juu, mabwawa mengi huchimbwa na kushindiliwa bila kitu kingine. Huko chini kuelekea Juja na mashariki ya Thika, penye udongo mweusi unaopasuka na penye mawe, wakulima wengi wametandika karatasi ya plastiki ili maji yasipotee. Ikiwa bwawa lako lina karatasi, acha kusoma habari za mshale, ukavue kwa wavu au ndoana. Mshale ukimkosa samaki hutoboa karatasi, na tundu moja dogo chini ya maji laweza kukugharimu bwawa zima. Twasema hivi mapema maana mkulima hukumbuka karatasi yake baada ya kuona maji yameshuka.

Pili, mshale huu ni wa bwawa lako mwenyewe tu. Mito ya Thika, Chania, Ndarugu na Ruiru ni ya watu wote, na uvuvi wake una sheria, hasa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Mabwawa ya Ruiru na Ndakaini hupeleka maji ya kunywa Nairobi; hayo msiyafikirie kabisa. Hata kwa bwawa la shambani, mwulize kwanza Afisa wa Uvuvi wa Kaunti ya Kiambu, naye atakuambia lililo halali na lisilo halali. Atafurahi pia kusikia una kambare wa kukusumbua, kwa kuwa huenda ana wavu wa kuazima.

Tatu, uta hauchukuliwi mkononi barabarani. Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na Hifadhi ya Taifa ya Ol Donyo Sabuk haiko mbali na Thika. Mtu anayetembea jioni na uta na mishale akisema anakwenda kupiga samaki, askari wa wanyama hatamwamini, wala hatutamlaumu askari.

Na kuna jambo la nne, ambalo wazee watalielewa upesi. Mshale wa zamani uliopatikana darini kwa babu usitumiwe hata kama chembe chake ni kizuri. Mishale ya uwindaji ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti, nayo ni sumu ya kusimamisha moyo. Haifai kuigusa, sembuse kuitia ndani ya samaki wa kuliwa.

KUTENGENEZA KOPO

Tafuta kopo la bati la mviringo, lenye upana wa sentimita 10 hivi na kina cha sentimita 12. Kopo la unga wa maziwa au la kahawa, lile la kifuniko cha kubandua kwa mpini wa kijiko, lafaa sana kwa sababu mdomo wake umekunjwa na hauna makali. Kopo lililofunguliwa kwa kisu halifai, maana mdomo wake hukata uzi kama wembe. Zamani mafuta ya Kimbo yaliuzwa katika makopo ya bati yaliyokuwa mazuri kwa kila kazi ya nyumbani. Ya siku hizi ni ya plastiki nayo hulegea uzi ukikazwa. Chupa ya plastiki ni mbaya zaidi. Ikiwa fundi wa bomba amekuachia kipande cha bomba la PVC la inchi 4, basi umepata kilicho bora kuliko kopo: hakishiki kutu na hakina mshono. Utahitaji tu kukikatia kitako cha mbao cha mviringo na kukipigilia kwa misumari midogo mitatu, vichwa vikizama.

Kwa nini kopo pana? Hapa tufanye hesabu kidogo. Uzi wetu utakuwa mita 12. Kopo la upana wa sentimita 10 lina mzunguko wa sentimita 31 na zaidi kidogo, kwa hiyo uzi wote utalizunguka mara 38. Kopo la upana wa sentimita 7 na nusu litazungukwa mara 51. Kila mzunguko ni nafasi moja ya uzi kujikunja vibaya; isitoshe, kopo jembamba hufanya uzi ujiviringe kama mkia wa nguruwe, na ukitoka hutoka kwa vifundo. Tena uzi wa unene wa milimita 2 ukizunguka mara 38, kila mzunguko kando ya mwenzake, utachukua sentimita 7.6 za kina cha kopo. Kopo letu lina sentimita 12, basi uzi utakaa safu moja tu bila kupandana. Hilo ndilo tunalolitaka. Uzi uliopandana juu ya mwenzake ndio unaonasa.

Sasa kopo litafungwaje? Usitoboe uta. Mti wa uta hubeba nguvu zake zote penye ngozi yake, na tundu moja la boliti hufanya uvunjike siku utakapovutwa sana, na vipande hukujia usoni. Badala yake chonga kibao cha mti laini, urefu sentimita 20, upana sentimita 4 na unene sentimita 3. Upande mmoja ukwangue kidogo uwe na bonde ili ukae vizuri juu ya mgongo wa uta, yaani upande unaotazama samaki. Toboa tundu katikati ya kitako cha kopo na jingine katikati ya kibao.

Kati ya kopo na kibao weka sahani ya kinga. Hii ni duara la plaiwudi, au kifuniko cha kopo kubwa la rangi, lenye upana wa sentimita 14, hata lizidi kopo sentimita 2 pande zote. Kazi yake ni kuuzuia uzi usiteleze kurudi nyuma ukashika uta. Wengi huiacha sahani hii kwa kuona ni pambo. Si pambo. Pitisha boliti moja kutoka ndani ya kopo, kupitia sahani, mpaka nje ya kibao. Zamisha nati ndani ya mti ili isikwaruze uta, ukaze mpaka kopo lisizunguke hata kidogo.

Msomaji atauliza: mbona kopo halizunguki, nasi tumezoea gurudumu la kisima ambalo huzunguka kamba ikitoka? Mshale huondoka kwa kishindo, na kitu cha kuzunguka huhitaji muda kidogo kuanza. Katika muda huo uzi umekwisha kukazika. Tena kikianza kuzunguka hakijui kusimama, kikaendelea kumwaga uzi miguuni pako. Kopo lililosimama halina habari hizo, kwani uzi huteleza tu juu ya mdomo wake, mzunguko baada ya mzunguko, kama shuka linavyoteleza kitandani.

Funga kibao kwenye uta kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 3, ukiuvuta kwa nguvu na kuuzungusha juu na chini ya kopo. Mdomo wa kopo uelekee mbele, kwenye maji. Kopo likae chini ya mkono unaoshika uta, kiasi cha upana wa kiganja, ili mshale upite juu yake bila kuligusa. Mpira una faida nyingine: kazi ikiisha waufungua, na uta unabaki uta.

UZI NA MSHALE

Usitumie mshipi wa nailoni unaong'aa, ule mwembamba wa kuvulia. Mshipi huo una kumbukumbu. Ukikunjwa juu ya kopo hutaka kuruka wenyewe, na usiku mmoja tu ukiwa umening'inizwa ukutani waukuta umemwagika wote. Tena hunyumbuka kama mpira, na kunyumbuka huko ndiko kunakorudisha mshale. Nunua uzi wa nailoni uliosukwa, wa milimita 2, wa namna ile ambayo waashi huvuta ili kunyoosha kuta. Hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa jinsi nyumba zinavyojengwa Ruiru na Thika siku hizi, hutakosa.

Upime nguvu yake kabla ya kuuamini. Jaza maji mtungi wa plastiki wa lita 20, uufunge kwa uzi huo, uutundike kwenye tawi, miguu yako ikiwa mbali. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Uzi uubebe mtungi, na ukiinuliwa kiasi cha sentimita 10 na kuachiliwa, usikatike. Ukikatika, huo mpe mwashi.

Chukua mita 12 tu. Bwawa la kawaida la wafugaji wadogo, kama yale ya mita za mraba 300 yaliyochimbwa kwa wingi wakati wa mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009, ni kama mita 15 kwa 20, nawe hutapiga samaki aliye mbali kuliko mita 5. Mwisho wa uzi usiufunge kwenye boliti moja kwa moja. Ufunge kwa kipande kifupi cha uzi wa cherehani kwenye tundu dogo karibu na kitako. Mshale ukienda mbali kupita kiasi, uzi wa cherehani utakatika na utapoteza mshale. Ni hasara, lakini ni hasara ndogo kuliko jicho.

Kisha loanisha uzi, anza kuukunja kutoka kitakoni kuelekea mdomoni, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, usiukaze sana wala usiulegeze. Mzunguko wa mwisho kukunjwa ndio wa kwanza kutoka. Ili upepo usiufungue, gundisha kipande kidogo cha mpira karibu na mdomo wa kopo na upitishe uzi chini yake kidogo tu. Ning'iniza kiazi chenye uzito wa yai kwenye uzi huo. Kikianguka na kuvuta uzi, vyema. Kikibaki kinaning'inia, mpira wako umebana mno.

Mshale wa samaki haufanani na mshale wa nchi kavu. Hauna manyoya, maana majini manyoya huupotosha, nao lazima uwe mzito ili uzame. Mwanzi na tete huelea, hazifai. Chonga mti mgumu ulionyooka, unene wa sentimita 1, urefu wa sentimita 85 hadi 90. Chembe chaweza kutoka kwa msumari wa inchi 6: kata kichwa chake, noa ncha, utie sentimita 5 ndani ya tundu lililotobolewa taratibu kwenye ncha ya mti, gundisha, na uzungushie waya mwembamba ili mti usipasuke. Miba miwili ya kumzuia samaki asichomoke itatengenezwa na fundi wa jua kali kwa dakika chache. Mwambie ielekee nyuma na isizidi upana wa kidole.

Sasa twafika kwenye kitu kidogo kuliko vyote, nacho ndicho chenye maana kuliko vyote. Uzi usifungwe nyuma ya mshale karibu na upote. Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa yaonekana ni sawa kuufunga mahali unapovutwa. Lakini ukivuta uta, uzi wote unavutwa nyuma pamoja na mshale, ukipita kando ya upote, kando ya mkono na kifua chako. Hapo kitu chochote chaweza kuunasa: kifungo cha shati, saa ya mkononi, ncha ya uta.

Badala yake pinda waya mgumu wa mabati uwe na umbo la namba 8, jicho moja kubwa na jingine dogo. Jicho kubwa livae mshale na kuteleza bila kukwama. Kwenye jicho dogo funga uzi. Sentimita 5 mbele ya mkato wa nyuma unaoingia upote, zungushia mshale uzi na gundi mpaka pawe na kinundu cha kuizuia pete hiyo isitoke. Unapovuta uta, pete hukaa mbele ya uta, katika zile sentimita 15 za mshale zilizozidi. Uzi hutoka koponi, hupanda mbele hadi kwenye pete, wala hauji kamwe upande wako. Ukiachilia, mshale hupita ndani ya pete, kinundu huikuta, na hapo ndipo uzi huanza kuvutwa, mshale ukiwa umekwisha kuuacha uta. Ikiwa mikono yako ni mirefu na mshale wote unavutwa hadi miba iguse uta, mshale huo ni mfupi kwako. Chonga mwingine.

Mwandishi wa habari hizi alijifunza jambo hili kwa hofu. Tulikuwa watatu kando ya bwawa moja karibu na Ruiru, na kijana mmoja alikuwa na uta mzuri na kopo dogo la nyanya, uzi umefungwa nyuma. Alimwona kambare, akavuta, akaachilia. Uzi ulishika kifungo cha shati lake. Mshale haukufika mita 3. Ulisimama kana kwamba umegonga ukuta, ukageuka, ukapita kando ya sikio lake na kuchoma migomba iliyokuwa nyuma yetu. Kifungo hatukukiona tena. Kijana alikaa chini kwenye nyasi kwa muda mrefu, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Siku ile hatukuvua.

KUJARIBU

Jaribio la kwanza ni la gunzi la mahindi, bila uta wala mshale. Shika kibao chenye kopo kwa mkono mmoja, funga gunzi kwenye uzi, ulitupe mbele kwa nguvu zako zote. Lirudie mara 10. Usisikie kuvutwa mkononi hata mara moja. Ukisikia, tafuta sababu: labda mdomo wa kopo una kovu la kusuguliwa kwa msasa, labda uzi umepandana, labda sahani ya kinga imelegea. Usiendelee mpaka mara zote 10 ziwe laini.

Kisha jaza mchanga katika chupa, uizamishe bwawani mahali pa kina cha nusu mita penye maji safi kidogo, ukiwa umeifunga kamba ili uitoe baadaye. Vaa miwani ya kukinga macho, kama ile ya wachomelea vyuma yenye vioo vyeupe. Vua saa, funga mikono ya shati, ondoa watu na mbwa mbele na kando yako. Vuta uta nusu tu, upige chupa.

Utaikosa. Mshale utapita juu yake, nawe utaapa kwamba uliulenga sawasawa. Maji hupinda mwanga, na kitu kilicho ndani yake huonekana kimeinuka kuliko kilivyo. Ukikitazama kutoka juu kabisa, kitu kinachoonekana kina sentimita 30 kiko sentimita 40. Ukikitazama kwa kuinamia kutoka ukingoni, tofauti huzidi. Basi lenga chini yake. Anza kwa upana wa kiganja chini ya chupa, na uongeze au upunguze mpaka uizoee. Jioni tatu za chupa zitakufundisha kuliko ukurasa huu.

Kambare mwenyewe hupatikana jua linapotua. Yeye ana kiungo kingine cha kuvutia hewa kilicho juu ya matamvua yake, ndiyo maana aweza kuishi katika matope na hata kutambaa juu ya nyasi mvua ikinyesha. Kwa ajili ya kiungo hicho hupanda juu mara kwa mara, na mara nyingi hurudi mahali palepale. Keti kimya, angalia duara linapotokea majini, usipige. Subiri atokee mara ya pili. Mshale hupoteza nguvu upesi majini, kwa hiyo piga tu samaki unayemwona dhahiri, aliye karibu na uso wa maji. Ukiona kivuli tu, acha. Samaki aliyejeruhiwa akatoroka atakufa chini na kuharibu maji.

Wala usiwamalize kambare wote bila kufikiri. Wafugaji wengine huwatia wachache makusudi pamoja na tilapia, kwa sababu tilapia huzaana kupita kiasi, bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Kambare wadogo wenye rika moja na tilapia ni wasaidizi. Adui ni yule mzee aliyebaki kabla hujatia vifaranga. Na tilapia usimpige kwa mshale hata kidogo. Mama tilapia hubeba mayai na watoto wake kinywani, na mshale mmoja huua kizazi. Huyo ana wavu wake.

Ukimpata kambare, weka uta chini kwanza, ndipo ushike uzi. Usiuzungushe mkononi, vuta mkono kwa mkono. Angalia miiba miwili migumu iliyo katika mapezi ya kando ya kichwa chake, maana huchoma na kidonda hukawia kupona. Mshale usiuchomoe kwa kuurudisha nyuma, miba itararua nyama na huenda ikararua kiganja chako. Mpige kichwani afe upesi, mkate kando ya chembe, uutoe mshale, kisha mtoe matumbo papo hapo na kumwosha kwa maji safi. Samaki aliyetobolewa huharibika upesi kuliko aliyevuliwa kwa wavu, basi aliwe usiku uleule. Wapo wazee katika Kiambu ambao hawakulelewa na samaki mezani, na Serikali ilipowahimiza watu wale samaki zaidi katika miaka ya 1960 walitikisa kichwa. Lakini kambare aliyekaangwa akakauka, kisha akatiwa vitunguu na nyanya, twaona sahani hurudi tupu.

Nyumbani, fungua mpira, ulegeze upote, na umwage uzi wote katika beseni la maji ili tope litoke. Utandaze kivulini mpaka ukauke, maana uzi uliokunjwa na tope hushikamana na kopo, na kopo la bati lililofungiwa unyevu hushika kutu chini ya uzi mahali usipopaona. Lipake mafuta kidogo ya kupikia. Chembe kichomeke katika gunzi lile la majaribio, na vyote viwekwe juu, mahali watoto wasipofikia. Kila unapoukunja uzi upya, rudia jaribio la gunzi kabla ya kutoka kwenda bwawani.